Tangu wenye magari wahamie mtaani kwetu Kigoma, doria imekuja. Mbona inatubeba sisi tuliozaliwa hapa?

#1 MgebukaMkavu (mleta mada)
Wakuu salaam.

Nipo upande wa Bangwe, mwisho wa reli. Nimezaliwa hapa, baba kazaliwa hapa, babu ndiye aliyekuja kufuata kazi ya kupakua mizigo bandarini. Zamani mtaani kwetu ukisema "tuite polisi" watu wanakucheka. Mwaka 2016 tulimkamata mwizi wa injini ya boti, tukapiga simu kituoni, tukajibiwa gari halina mafuta, mleteni wenyewe. Tukampakia kwenye mkokoteni wa dagaa, tukasukumana naye mpaka kule. Njiani akawa anatuelekeza wapi pana mashimo.

Sasa miaka mitano hivi, viwanja vyote vinavyotazama ziwa vimeshanunuliwa. Zimeota nyumba za geti, fensi za umeme, kamera. Lami imekuja, taa zimekuja, na doria imekuja. Difenda inapita saa tatu, saa sita, saa nane. Sikatai, mwanzoni nilifurahi.

Alhamisi iliyopita saa tatu na nusu usiku tuko kijiweni watu sita, drafti na kahawa, chini ya taa. Hicho kijiwe kina umri kunizidi. Gari likasimama. Mnafanya nini hapa? Tunacheza drafti afande. Vitambulisho! Wawili tulikuwa navyo, wanne vimebaki nyumbani, na nyumba zenyewe unaziona ukigeuza shingo. Wote juu. Kosa: uzururaji. Yaani nimezurura mbele ya mlango wa baba yangu. Tumelala mahabusu kwenye sakafu ya saruji, mimi nimevaa singlendi. Asubuhi tukatolewa bila kesi yoyote. Mimi sikutoa kitu, wenzangu wanajua wenyewe walitokaje.

Kinachoniuma ni hiki. Hatua mia moja kutoka pale kuna baa mpya, magari yameegeshwa mpaka katikati ya barabara, muziki hadi usiku wa manane. Gari lile lile lilipita hapo likapunguza mwendo, likapiga honi ya salamu, likaendelea.

Hawa wanalinda nini hasa? Na huko Gungu, Katubuka, Mwanga na Ujiji hali ikoje? Tusitaje jina la askari wala la kituo, sitaki uzi ufutwe.

#2 KijanaWaGungu
Nimevuta kiti.

#3 BintiUjiji
Pole sana. Drafti alishinda nani?

#4 MgebukaMkavu
@BintiUjiji nilikuwa nimebakiza hatua mbili niingie kingi. Afande kamwaga ubao. Nadai mpaka leo.

#5 MzeeWaMise
Mwakeye vijana. Mnasahau barabara. Kabla ya ule mradi wa miji ya kimkakati, mkopo wa Benki ya Dunia uliogusa Kigoma, Tanga, Mwanza, Mbeya, Arusha, Mtwara na Dodoma, njia nyingi za huku zilikuwa korongo. Masika gari halipandi. Askari angefikaje, kwa mtumbwi? Lami ikija inaleta kila kitu kwa pamoja: boda, dalali, mwizi mwenye pikipiki na polisi mwenye gari. Msiseme polisi wamewafuata matajiri. Polisi na matajiri wote wameifuata lami.

#6 DalaliMstaafu
Mzee wangu, kwa heshima zote napinga. Lami iko na Ujiji, mbona huko difenda haipiti mara tatu kwa usiku?

Niseme ninachokijua. Nimeuza viwanja huko miaka tisa. Mkataba wa reli ya kisasa kipande cha Tabora hadi Kigoma uliposainiwa Desemba 2022, simu yangu haikulala. Mteja wa nje ya mkoa ana maswali matatu: hati ipo? Maji yapo? Usalama vipi? Hilo la tatu nilikuwa najibu "usiwe na wasi bosi, doria ipo". Doria yenyewe hakuna, Mungu anisamehe. Wakishajenga wakaanza kuuliza iko wapi. Wakaunda kundi la WhatsApp la wenye nyumba, akaingizwa humo mkubwa mmoja, kukawa na mchango wa mafuta kila mwisho wa mwezi. Kwa nia njema kabisa, hakuna aliyehonga. Lakini anayenunua mafuta ndiye anayechora njia ya gari. Gari lililojazwa mafuta na Bangwe haliendi kuzunguka Buzebazeba.

#7 KijanaWaGungu
Kumbe ile "doria ipo" ulikuwa unaitunga? Mjomba wangu kanunua kwako!

#8 DalaliMstaafu
@KijanaWaGungu si sasa ipo? Nilikuwa naona mbali.

#9 NyumbaYaGeti
Habarini. Mimi ni mmoja wa hao "wenye magari". Gari lenyewe liko gereji mwezi wa pili sasa. Ni mtumishi, nimehamishiwa huku kutoka Morogoro, nimejenga kwa mkopo na nakatwa kwenye mshahara miaka saba. Ndani ya miezi minne nimeibiwa mara mbili. Kwanza pampu ya maji, halafu paneli ya sola na nguo zote kwenye kamba, mpaka za mtoto mchanga. Nilipiga 112. Mlitaka nimpigie nani, mwenyekiti wa mtaa ambaye simu yake haipatikani kuanzia magharibi?

Sijawahi kumwambia askari akamate wacheza drafti. Nilichosema, na sikatai, ni kwamba kuna vijana wanakaa pale usiku na siwafahamu.

#10 MgebukaMkavu
@NyumbaYaGeti ndo hapo sasa kiongozi. "Siwafahamu." Mimi ndiye niliyekuchimbia shimo la choo.

#11 NyumbaYaGeti
Wewe ndiye yule uliyekuja na mdogo wako, mkakuta jiwe mkalivunja siku mbili?

#12 MgebukaMkavu
Siku tatu. Na ukasema ya jiwe haimo kwenye makubaliano.

#13 BintiUjiji
Subirini, nachemsha kahawa.

#14 NyumbaYaGeti
Kaka samahani sana, nasema kwa dhati. Ila usiku chini ya taa mnakuwa mmevaa kofia, sura sizioni.

#15 MwanasheriaUchwara
Tuweke sheria mezani. Polisi hana ruhusa ya kukukamata bila hati ya mahakama. Na akishakukamata ana saa 48 tu. Mfungulie kesi, atakulipa mpaka boti.

#16 WakiliWaMchana
@MwanasheriaUchwara mkuu utawapeleka watu pabaya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamruhusu askari kukamata bila hati kwa makosa mengi tu. Anachotakiwa ni kukwambia kwa nini anakukamata. Na kufikishwa mahakamani ni ndani ya saa 24, si 48.

Uzururaji upo kweli kwenye Kanuni ya Adhabu, tulirithi kwa mkoloni, lakini kukaa nje peke yake hakutoshi. Lazima wakati na mazingira yaonyeshe kuwa upo pale kwa nia ya uhalifu au fujo. Watu sita, ubao wa drafti na birika la kahawa, mwendesha mashtaka gani atasimama nayo hiyo? Ndiyo maana asubuhi mkaachiwa bila karatasi. Haikuwa kesi tangu mwanzo, lengo lilikuwa muondoke pale.

Na dhamana ya polisi haiuzwi. Bango limebandikwa ukutani pale pale watu wanapoilipia.

#17 MwanasheriaUchwara
Nimepokea masahihisho. Jina langu lilishajieleza.

#18 MtotoWaKibirizi
Nyie mnashangaa kuulizwa kitambulisho? Sisi wa Kibirizi tunaogelea nacho. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipopita, marehemu bibi yangu aliulizwa amtaje mwenyekiti wa kijiji alikozaliwa. Bibi alizaliwa kabla hakujawa na mwenyekiti wa chochote! Tukazunguka na vyeti vya ubatizo kama tunatafuta mchumba.

Kinachonichoma siku hizi ni kwamba mtu kaja juzi kutoka Dar, anaongea Kiswahili cha redioni, huyo haulizwi. Mimi nikifungua mdomo, lafudhi yangu ya Kiha inanitangulia. "Wewe Mrundi?" Zamani swali hilo ulikuwa unalikuta stendi na kwenye vizuizi vya barabara ya Kasulu. Sasa nalikuta kwenye mtaa wenye maua, nikipeleka samaki kwa mteja. Kosa la mtu wa Kigoma ni kuongea kama mtu wa Kigoma.

#19 AfandeNjeYaZamu
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mimi ni askari, siko Kigoma kwa sasa, niliwahi kufanya kazi mikoa ya huko. Msiniulize zaidi.

@MtotoWaKibirizi pole kwa bibi, ila Uhamiaji na Polisi ni vyombo viwili. Kwenye Kimbunga tulikuwa vyombo mchanganyiko, kwa hiyo mwananchi anaona sare tu. Naelewa.

Sasa kuhusu doria. Gari moja, kata nyingi, askari wanne nyuma, tangu jana wamepata usingizi wa saa tatu tu. Asubuhi kuna kuripoti. Mkubwa anauliza: usiku mmefanya nini? Ukijibu "hakuna kilichotokea", unaonekana ulikwenda kulala. Wakati hakuna kilichotokea ndiyo kazi yenyewe tuliyotumwa! Kwa hiyo lazima urudi na kitu kwenye gari. Na kitu hicho utakipata wapi? Nyumba ya geti siingii bila hati ya upekuzi, nikigonga anatoka mtu anampigia mkubwa wangu mbele yangu. Baa ina leseni, ina wakili, ina diwani amekaa kaunta. Kijiwe hakina mlango.

Sisemi ni haki. Nasema ndivyo inavyokuwa.

#20 KijanaWaGungu
"Kijiwe hakina mlango." Naenda kuyaandika nyuma ya boda yangu.

#21 MgebukaMkavu
Afande heshima yako. Ndiyo maelezo ya kwanza niliyoyaelewa. Hayajanitoa baridi, lakini nimeyaelewa.

#22 BodaWaKatubuka
Na mimi nitoe langu. Kituo chetu cha boda kilikuwa chini ya mwembe, tangu enzi za baiskeli. Likafunguliwa duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mwenye duka akasema tunaziba maegesho ya wateja. Wakaja polisi wa manispaa wakatuhamisha. Tukarudi. Wakaja tena na pikipiki tatu wakazibeba, faini ukitaja humu watasema natunga. Mwembe wenyewe umekatwa. Sasa tunapaki juani na abiria hatuoni.

#23 WakiliWaMchana
@BodaWaKatubuka hakuna polisi wa manispaa. Hao ni mgambo, wanasimamia sheria ndogo za halmashauri. Ukilalamika kwa polisi juu ya mgambo watakwambia hawahusiki, na kweli hawahusiki. Uliza risiti ya faini, na uangalie ni ya manispaa au ni karatasi ya daftari.

#24 BodaWaKatubuka
Ilikuwa kwa mdomo.

#25 BintiUjiji
Sasa na mimi niseme lisilopendwa, maana naona wanaume mnaliwazana. Nafanya kazi Mwanga, natoka saa tatu usiku, na nina shangazi huko huko Bangwe ninayelala kwake mara kwa mara. Kabla ya taa na doria nilikuwa nashika kisu cha kumenyea muhogo mkononi kutoka kituo cha daladala hadi mlangoni. Siku hizi nakiacha mkobani. Na hicho kijiwe mnachokililia, @MgebukaMkavu, si cha drafti peke yake. Pale ndipo nilipokuwa napigiwa miluzi na kuitwa majina. Kuna siku mmoja alinishika kanga. Hakuna aliyenyanyuka kwenye drafti.

#26 MgebukaMkavu
@BintiUjiji siku hiyo sikuwepo.

#27 BintiUjiji
Siku gani? Sijataja siku.

#28 KijanaWaGungu
Kimeumana.

#29 MgebukaMkavu
Nimekubali. Wapo wawili pale tunawajua. Lakini dada, hao wawili Alhamisi hawakubebwa, walikimbia wa kwanza. Tuliobaki tumekaa ndio tuliobebwa.

#30 MwahaWaMbali
Salaam kutoka Marekani, niko pembeni ya Washington mwaka wa kumi na moja. Haya mambo yana jina. Mwanasosholojia Ruth Glass aliyaandika mwaka 1964 akiwa London: wenye kipato wananunua nyumba mtaa wa wavuja jasho, bei inapanda, wa zamani wanasukumwa nje. Kwa Kiswahili sijui, tuseme jentrifikesheni.

Huku Washington kuna mtaa unaitwa Shaw. Duka moja la simu lilikuwa linapiga muziki wa go-go nje ya mlango tangu miaka ya tisini, ni muziki wa wenyeji weusi wa mji huu kama ngoma zetu. Mwaka 2019 mkazi wa ghorofa jipya akalalamika kelele, duka likaambiwa lizime. Watu wakajaa barabarani na vyombo vyao vya muziki, siku chache tu ukarudishwa. Wale wageni walipanga pale kwa sababu mtaa una "uhai", halafu kitu cha kwanza wakataka uhai upunguzwe sauti.

Na New York mwaka 2011 peke yake polisi walisimamisha watu zaidi ya mara 680,000, wengi wao weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wengi hawakukutwa na kosa. 2013 jaji wa shirikisho akaamua kwamba jinsi walivyokuwa wanafanya ni kuvunja katiba.

#31 KijanaWaGungu
Jentrifikesheni! Hilo ni jina la dawa ya minyoo. Asubuhi kijiko kimoja, jioni kimoja.

#32 BodaWaKatubuka
680,000? Sensa ya 2012 Kigoma-Ujiji nzima tulikuwa laki mbili na ushee. Yaani wangetubeba wote mara tatu, na vichanga.

#33 MzeeWaMise
@MwahaWaMbali mwanangu asante, ila usituvishe koti la watu. Huko suala ni mweusi na mweupe. Huku aliyenunua kiwanja ni Mwaha mwenzangu aliyefanikiwa Dar, karudi kujenga kwao. Na askari aliyembeba @MgebukaMkavu naye kapanga chumba kimoja na mkewe na watoto watatu.

#34 MwahaWaMbali
Sawa mzee. Lakini umegusa: hata huku askari wengi hawana uwezo wa kupanga kwenye mitaa wanayoilinda.

#35 MamaWaChanja
Mnazungumza muziki. Huku kwetu wanalalamikia harufu. Naanika dagaa pale pale alipoanika mama yangu, chanja kwa chanja. Jirani mpya kaja kuniambia kwa adabu kabisa, "mama, hii biashara huwezi kuipeleka sehemu nyingine?" Nikamuuliza sehemu gani, baba, dagaa wanatoka ziwani na ziwa liko hapa. Wiki iliyofuata wakaja askari wawili kwa miguu. Wakasema kuna malalamiko ya kero. Mmoja alikuwa anameza mate. Nikampimia kikombe akaondoka nacho, kero ikaisha mpaka mwezi uliofuata.

Hilo la harufu dogo. Kubwa ni njia. Kulikuwa na njia ya kuteremka ziwani, wanawake wote tunapita na ndoo na beseni alfajiri. Ukajengwa ukuta mpaka majini. Tulipopita pembeni ya ukuta, mlinzi akapiga simu, tukaitwa wavamizi. Watatu tukapelekwa kuandikisha maelezo. Mimi nina miaka hamsini na nne, nimeandikishwa kwa kosa la kwenda kuchota maji.

Namshukuru Mungu, ziwa lina akili zake. Lilipojaa 2020 na 2021 lilikwenda kuukagua ukuta wenyewe. Lilibeba upande mmoja wote. Lilipopungua tukapata njia kubwa kuliko ya mwanzo. Sasa wameanza kuleta mawe tena.

#36 BintiUjiji
Mama umenimaliza. Ziwa ndiye mkaguzi wa kata.

#37 WakiliWaMchana
@MamaWaChanja shikamoo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukuta uliofika majini una maswali ya kujibu kabla ya beseni lako. Na ugomvi wa njia na mipaka ni wa baraza la ardhi, polisi wanaingia pale tu penye jinai. Ukiitwa tena uliza: hii ni jinai gani?

#38 MamaWaChanja
Marahaba. Hizo mita 60 zikipimwa, na chanja zangu zimo ndani. Niacheni tu na ziwa langu.

#39 DalaliMstaafu
Hapo mama kaona mbali kuliko wakili. Sheria ikiamka, inaamkia kwa mdogo kwanza.

#40 MzeeWaMise
Nirudi kwenye ulinzi, maana naona tunalaumu difenda na hatujiulizi kwa nini tunaihitaji. Zamani kila nyumba ilitoa kijana, tunatembea na filimbi na marungu mpaka alfajiri. Tuliiga Sungusungu ya Wasukuma wa Mwanza ya miaka ya tisini. Mwizi alikuwa anahama mkoa.

#41 UnyanyembeAsilia
Shikamoo mzee, nachungulia kutoka Tabora. Sahihisho dogo: Sungusungu ilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, huku kwetu Unyamwezini na upande wa Shinyanga, kwa sababu ya wezi wa ng'ombe. Sheria ikaitambua na kuipa nguvu ya kukamata mwaka 1989. Miaka ya tisini mlikuwa mnaiga kitu ambacho tayari kina umri wa kuoa. Na tusiipambe: watu walipigwa sana, na wazee wa kike wenye macho mekundu, walioitwa wachawi, wengine wanakumbuka.

#42 MzeeWaMise
Marahaba. Sawa, themanini. Watu wa Tabora kila kitu kimeanzia kwenu, kasoro ziwa.

#43 UnyanyembeAsilia
Na reli inapita kwetu kwanza, usisahau.

#44 MzeeWaMise
Inapita. Haikai. Mjerumani alipoifikisha Kigoma mwaka 1914 akaona maji, ndipo akashusha mizigo.

#45 KijanaWaGungu
Hapo hapo, Mashujaa wanacheza lini nyumbani? Uwanja wa Lake Tanganyika siku ya mechi kubwa ndiyo siku pekee naona askari wengi na sibebwi.

#46 AfandeNjeYaZamu
Siku hiyo tunatazama mpira.

Nirudi kwa mzee. Polisi Jamii ilipoanza 2006 wakati wa IGP Said Mwema, wazo lilikuwa hilo hilo: askari awajue watu, watu wamjue askari, ulinzi shirikishi ufanye kazi chini yake. Siku hizi kila kata inatakiwa iwe na Mkaguzi wa Kata. Palipokuwa na mkaguzi anayekaa na watu, nimeona kwa macho, hata simu za kuripoti zinabadilika. Mtu hasemi "kuna vijana siwafahamu", anasema "fulani wa kwa fulani amerudi na tabia yake". Shida, ukishawajua watu unahamishwa.

#47 WakiliWaMchana
Hayo hata Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, 2023, ilizunguka nchi ikayasikia. Malalamiko juu ya ukamataji yalikuwa mengi. Ripoti ikakabidhiwa Ikulu.

#48 BodaWaKatubuka
Ikakabidhiwa. Mwembe wangu ulikatwa 2024.

#49 NyumbaYaGeti
Swali la kweli, si kejeli. Natoa 5,000 kila mwezi ya ulinzi shirikishi, anakuja kijana na daftari. Mimi nikajua nimelipa, basi. Hizo zamu za kutembea usiku bado zipo? Mbona sijawahi kuambiwa?

#50 MgebukaMkavu
Zilikufa nyinyi mlipoanza kulipa. Vijana wakasema kama wenye nyumba za geti wanatoa hela na hawatembei, sisi tunatembea kwa kosa gani? Kila mtu akataka kulipa asitembee. Wa kulipa hawakutosha, wa kutembea wakaisha. Ikabaki difenda.

#51 DalaliMstaafu
Na hela ya daftari?

#52 MgebukaMkavu
Hilo muulize mwenye daftari. Mimi sitaki kulala kwenye saruji mara ya pili.

#53 MtotoWaKibirizi
Samahani kwa kutoka nje ya mada, mwenye migebuka mikavu ya kutuma Dodoma bei gani kwa sasa? Jina la mleta mada limenitamanisha.

#54 MgebukaMkavu
Njoo pembeni.

#55 MgebukaMkavu (Jumapili)
Mrejesho. Leo tumekaa kikao cha mtaa, mwenyekiti alikuwepo na simu ikiwa imewashwa, tukashangilia. Mkaguzi wa Kata alifika, kijana mdogo, msikivu. Aliulizwa kuhusu kijiwe, akasema hana tatizo na drafti ila ikifika saa nne tutawanyike. Baa iliulizwa, akasema hilo atalifikisha. @MamaWaChanja alisimama akaeleza ukuta, watu wakapiga makofi, mwenye ukuta hakuwepo, alituma fundi. @BintiUjiji naye alikuja na shangazi yake, alisema ya kanga mbele ya watu wote na wale wawili walikuwepo. Walitazama chini. Sijui kama inatosha.

Tumekubaliana zamu zirudi, watu watano kila usiku, geti au si geti. Makofi hapo yalikuwa machache. @NyumbaYaGeti yuko Alhamisi, kundi langu.

#56 NyumbaYaGeti
Nimeona orodha. Alhamisi nina kazi ya ofisini ya kumaliza, nitamtuma kijana wangu wa nyumbani. Ana nguvu kunizidi.

#57 BintiUjiji
Haya, tushaanza.

#58 NyumbaYaGeti (Alhamisi, saa 7:40 usiku)
Wakuu, kuna aliye macho? Kijana wangu niliyemtuma kwenye zamu kabebwa na doria. Alikuwa ametangulia kona ya chini peke yake na rungu, wenzake walikuwa nyuma. Ni mtu wa Buhigwe, kitambulisho kakiacha chumbani kwake hapa. Nimepiga kwenye kundi la wenye nyumba, hakuna anayejibu. 112 inaita tu. Mwenyekiti hapatikani. @MgebukaMkavu simu yako inaita huchukui.

#59 MgebukaMkavu
Niko njiani naenda huko huko, tumeshuka na boda wawili. Lete kitambulisho chake, na njoo wewe mwenyewe, usitume mtu. Mbebee na sweta.